Kuogesha samaki dawa: tiba ya ugonjwa wa matamvua

Kuogesha samaki ni kutia dawa ndani ya maji wanamoishi, kwa kipimo na muda maalumu, kisha kuyabadili maji hayo. Hawakamatwi wala hawachomwi sindano.

Kwa ugonjwa wa matamvua uletwao na bakteria, tiba hii inafaa kwa sababu ya mahali ugonjwa unapokaa. Bakteria mkuu, Flavobacterium branchiophilum, haingii ndani ya mwili. Hujibandika juu ya ngozi laini ya matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia samaki. Ngozi hiyo huvimba, vijani vyake hugandana, na samaki hukosa pumzi hata maji yakiwa na oksijeni ya kutosha. Chungulia tanki la vifaranga wa trauti walioshikwa: wamejipanga karibu na uso wa maji, vichwa vimeelekea maji yanakoingilia, vifuniko vya mashavu viko wazi, chakula kinawapita hivi hivi. Asiyekula utamlisha vipi dawa?

Kwa ugonjwa huu, Marekani imeidhinisha dawa mbili za kuogeshea jamii ya samoni na trauti wanaofugwa kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Haidrojeni peroksaidi, kimiminika cha kuulia vijidudu, iliruhusiwa mwaka 2007. Kloramini-T, unga mweupe wenye klorini, ilifuata mwaka 2014: miligramu 12 hadi 20 kwa kila lita ya maji, dakika 60, mara moja kwa siku, kwa siku tatu mfululizo au kwa kuruka siku.

Kazi ya dawa inaishia kwenye kuua bakteria. Msongamano, mabaki ya chakula na amonia, ambavyo ndivyo humfungulia mlango, vinabaki pale pale mpaka mfugaji avishughulikie mwenyewe.

Makosa mengi hutokea kwenye hesabu. Tuseme tanki lina urefu wa mita 10, upana mita 1, na maji yenye kina cha nusu mita. Hizo ni lita 5,000, na kwa miligramu 12 kwa lita unahitaji gramu 60 za kloramini-T. Sasa mtu apime ukuta wenye kimo cha mita 1 badala ya maji: atatia gramu 120, yaani miligramu 24 kwa lita, amepita kiwango cha juu kabisa. Maji yakiwa na uchachu na madini machache, dawa hii huwa kali zaidi, kwa hiyo wajaribu kwanza samaki wachache kwenye ndoo, pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi.