sdb sio jina la diski, ni namba ya foleni

Wiki hii nimeulizwa swali hilihili mara tatu, leo ya nne ndo imenifanya nikae chini niandike. Mtu kaongeza diski ya pili kwenye mashine yake ya Linux, kaifomati vizuri, kafungua /etc/fstab (faili linaloiambia mashine diski ipi iunganishwe kwenye folda ipi) kaweka mstari unaoanza na /dev/sdb1, mambo yakaenda mwezi mzima, afu siku moja anawasha mashine inahesabu sekunde 90 halafu inamtupa kwenye hali ya dharura, skrini nyeusi inamdai paswedi ya root (mtumiaji mkuu wa mashine). Na swali lake siku zote ni moja: diski mpya imekufa? Haijafa jamani. Iko palepale na data zake zote, ila leo imeamka inaitwa sdc.

sdb sio jina. Ni namba ya foleni. Kerneli (kiini cha Linux) ikiwaka inakutana na diski moja baada ya nyingine, inayowahi inapewa sda, inayofuata sdb, imeisha hiyo. Hamna sehemu yoyote ndani ya diski palipoandikwa "mimi ni sdb". Ukichomeka kisoma kadi cha USB hata kama hakina kadi, ukihamisha kebo ya SATA kwenye tundu la pili, au diski moja tu ikichelewa kuzunguka asubuhi hiyo, foleni inapangwa upya. Najua kuna atakayesema mbona kwangu miaka mitatu haijawahi kubadilika, sawa, kwako haijabadilika, lakini hakuna aliyekuahidi kwamba haitabadilika kesho. Na mwenye diski mbili za NVMe asijione yuko salama, nvme0n1 na nvme1n1 nazo zinapishana vilevile.

Kinachokaa ndani ya diski ni UUID, ile namba ndefu ambayo mkfs (amri ya kufomati) anaiandika kwenye mfumo wa faili siku unapofomati. Hamisha diski tundu, hamisha mashine, inakwenda nayo. Ila ukifomati tena unapata UUID mpya, kwa hiyo mstari wa zamani kwenye fstab unakuwa unamtafuta mtu aliyehama. Na ukinakili diski nzima kwa dd, nakala inabeba UUID ileile, hapo usiziache zote mbili kwenye mashine moja halafu ushangae imemauntiwa (imeunganishwa kwenye folda) ipi.

Hatua zenyewe nazipitia haraka maana sio ngumu. Anza na lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL. Soma serial, afu linganisha na ile iliyochapwa kwenye lebo ya diski yenyewe, kwa macho yako, herufi kwa herufi. Hapa tu ndo nakuomba uende polepole, kwa sababu mkfs akishaandika juu ya diski isiyo yake hamna rudi nyuma. Ukiona diski ya TB 4 inaonekana 3.6T hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa 1000 na lsblk inahesabu kwa 1024. Tumia jedwali la patisheni (vipande vya diski) la GPT, MBR ya zamani kwenye sekta za baiti 512 inaishia TiB 2. Tengeneza patisheni moja, piga mkfs.ext4 -L data juu yake, chukua UUID kwa blkid, tengeneza folda /mnt/data, na mstari wako wa fstab uwe hivi (nofail ni ruhusa ya mashine kuwaka hata diski ikikosekana):

UUID=namba-yako /mnt/data ext4 defaults,nofail 0 2

Afu KABLA ya kuzima mashine piga findmnt --verify, halafu systemctl daemon-reload, halafu mount -a. Kosa la fstab likijitokeza sasa hivi ukiwa umekaa mbele ya teminali unalirekebisha kwa nusu dakika, likijitokeza wakati wa kuwaka ndo unanitafuta usiku. Ukishamaunti ukaona huwezi kuandika kitu, usikimbilie chmod 777 (kumfungulia kila mtu), mzizi wa mfumo mpya wa faili ni mali ya root, kwa hiyo piga chown kwa jina lako, na uipige BAADA ya kumaunti, maana ukiipiga kabla umebadilisha mwenye folda ya chini na sio mwenye diski.

Na hiyo "folda ya chini" ndo jambo la pili ambalo watu hawalijui na linaumiza zaidi ya lile la jina. /mnt/data sio diski. Ni folda ya kawaida kabisa iliyoko kwenye diski yako ya kwanza, na diski ya pili inakuja kuikalia juu, kama mkeka juu ya sakafu. Mkeka usipotandikwa sakafu bado ipo, na ukimwaga kitu kinamwagikia sakafuni.

Niliwahi kutunza mashine moja iliyokuwa inapiga bakapu kwa rsync (programu ya kunakili faili) kila usiku kwenda /mnt/data. Kebo ya diski ya pili ikalegea, mashine ikawashwa upya, na kwa kuwa mstari ulikuwa na nofail ikawaka bila kelele yoyote. rsync haijui habari za diski, yenyewe iliambiwa iandike /mnt/data na folda ilikuwepo, ikaandika. Usiku wa pili huduma zikaanza kuanguka moja moja. Nikapiga df (inaonyesha nafasi iliyotumika), / yaani diski ya kwanza imejaa 100%. Nikapiga du -x (inajumlisha faili za diski hiyo tu) kwenye / nzima, inaniambia GB 31 kwenye patisheni ya GB 110. Sasa hizo nyingine ziko wapi? Maana kufika hapo nilikuwa nimeshakaza kebo na kumaunti diski, kwa hiyo mkeka ulikuwa umetandikwa juu ya uchafu wote, na du haioni chini ya mkeka. Nilihangaika karibu saa mbili nikitafuta faili zilizofutwa lakini bado zimeshikwa na programu, kumbe sio.

Dawa yake ni kuimaunti / mara ya pili sehemu nyingine: mkdir /mnt/chini, halafu mount --bind / /mnt/chini, afu angalia ndani ya /mnt/chini/mnt/data. Zilikuwa humo, bakapu za siku mbili zimelala kwenye diski ileile zilizotakiwa kuikinga. Tangu siku hiyo, kila nikitengeneza folda ya kumauntia, diski ikiwa bado haijamauntiwa napiga chattr +i /mnt/data. Folda inagoma kuandikwa hata na root, ila kumaunti juu yake kunakubali bila shida. Kebo ikilegea tena, rsync itapiga kelele usiku uleule badala ya kunyamaza.

Sasa nofail yenyewe, hapa sijawahi kutulia moja kwa moja. Bila nofail, diski moja ya picha ikikosekana mashine nzima inagoma kuwaka, na kama iko mbali nawe huwezi hata kuingia kwa ssh uone tatizo. Ukiiweka, mashine inawaka lakini hifadhidata inaweza kukuta folda tupu, ikadhani ni siku yake ya kwanza kazini ikajianzishia upya. Mimi sa hizi naweka nofail karibu kila mahali, afu kwenye huduma inayotegemea diski hiyo naongeza RequiresMountsFor=/mnt/data kwenye faili lake la systemd (programu inayowasha huduma), ili diski isipokuwepo huduma isianze. Kuna mashine nimewahi kujutia uamuzi huu na kuna nyingine umeniokoa.

Na ile 5% ambayo ext4 inaitenga kwa ajili ya root: kwenye TB 4 hiyo ni kama GB 200, kwa diski ya data tu naishusha kwa tune2fs -m 1. Wengine wanaweka 0. Mimi naacha hiyo moja kwa sababu sipendi mfumo wa faili uliojaa mpaka shingoni, faili zinaanza kukatwakatwa vipande.

Kama umefika hapa kwa sababu mashine imekwama sasa hivi: ingiza paswedi ya root, piga lsblk -f uone UUID ya kweli, fungua /etc/fstab, kama inakataa kuandika piga kwanza mount -o remount,rw /, badilisha /dev/sdb1 iwe UUID= ikifuatiwa na namba hiyo, hifadhi faili, halafu reboot.