Mwanafunzi wa meno haanzii mdomoni mwako

Wengi tunaamini ukienda kliniki ya chuo cha meno basi mwanafunzi anakuja kujaribia kwako, na hofu hiyo inaeleweka kabisa, nani anataka kung'olewa jino na mtu anayejifunza? Ila kabla hajakugusa huwa ameshapiga mazoezi sana kwenye kichwa cha bandia chenye meno ya plastiki, anachonga, anaziba, anarudia mpaka mwalimu aridhike. Akifika kwako, kwa kawaida daktari msimamizi anakagua hatua kwa hatua, mfano akishatoa sehemu iliyooza anasimama kwanza, kazi iangaliwe, ndo azibe. Ndo maana unakaa kwenye kiti muda mrefu. Ukitaka uhakika uliza tu, yuko mwaka wa ngapi, nani anamsimamia, fomu ya ridhaa iko wapi, na kukataa ni haki yako.