Makundi hayavunjwi kwa wimbo

Nimeuona tena ujumbe ule, kwenye kundi la WhatsApp la makada, umeandikwa kwa herufi kubwa: MGOMBEA AMESHAPATIKANA, MWENYE MANENO AYAMEZE. Chini yake makofi, bendera, na mzee mmoja aliyetuma picha ya maua na salamu za asubuhi. Nikauliza swali moja tu: watu wa yule aliyekatwa kwenye uteuzi, ambao ndio wenye orodha ya mabalozi wa nyumba kumi wa kata nne, nani ameshazungumza nao? Nikaitwa vuguvugu. Mwingine akaniita popo, si ndege si mnyama.

Haya. Kazi yangu ni uratibu wa kampeni ngazi ya wilaya, na chama changu sikitaji. Utakisia, na huenda ukakosea. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyaeleza kwa sauti, kila msimu wa urais, kwa watu wanaodhani umoja wa chama ni kufunga mdomo.

Imani yenyewe mnaijua: uteuzi ukishapita makundi yanavunjwa, anayehoji ni msaliti, na chama chenye kelele ndani kinashindwa. Kipande cha mwisho ndicho rahisi kupima, basi nianze nacho.

Mwaka 2015 kila upande uligawanyika. CCM, chama tawala, ilimkata Edward Lowassa kwenye mbio za urais, akahamia Chadema ya upinzani kabla Julai haijaisha. Frederick Sumaye, waziri mkuu mstaafu, akafuata Agosti, na Oktoba, kampeni zikielekea ukingoni, mkongwe Kingunge Ngombale-Mwiru akarudisha kadi ya CCM. Ukawa nao, muungano wa vyama vya upinzani, kwa kumpokea Lowassa, walimpoteza Dk. Willibrod Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chadema, na Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Matokeo: John Magufuli wa CCM asilimia 58.46, Lowassa 39.97. CCM ilishinda, ingawa haikuwahi kupata asilimia ndogo kiasi hicho kwenye urais tangu vyama vingi virudi. Upinzani ulishindwa, lakini haukuwahi kupata kura nyingi hivyo. Mrema mwaka 1995 na Slaa mwaka 2010 waliishia asilimia 27 na kidogo. Sasa niambie, hapo nani aliadhibiwa kwa kelele? Anayekujibu haraka hakuwepo, au anauza kitu.

Sisemi mgawanyiko ni mzuri. Nasema swali la "tumeungana au hatujaungana" halikusaidii kupanga hata mkutano mmoja wa hadhara. Linalosaidia ni hili: aliyeshindwa, alishindwaje?

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo watu wanaponichosha.

Mwaka 1995, kwenye uteuzi wa mgombea urais, CCM ilibaki na majina matatu Dodoma: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Mzunguko wa kwanza Kikwete aliongoza. Wa pili Mkapa akampita kwa tofauti ndogo. Kikwete hakuhama. Akaingia serikali ya Mkapa kama Waziri wa Mambo ya Nje, akasubiri miaka kumi, na mwaka 2005 akachukua nchi kwa zaidi ya asilimia 80. Ukisikia wazee wanasema "zamani tulikuwa na nidhamu", mfano wao ni huu.

Rudi 2015. Waliorudisha fomu za kuomba urais CCM walikuwa 38. Kamati Kuu ikapitisha watano, Lowassa hayumo. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba kwamba wana imani naye, mwenyekiti wa chama, Kikwete, akiwa mbele yao. Haikusaidia kitu: wakaletewa majina matano, wakayafanya matatu, na Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura zaidi ya asilimia 87. Watu wanaitaja asilimia hiyo kama ushahidi wa umoja. Jamani! Hiyo ni asilimia ya kura zilizopigwa baada ya mgombea mwenye wafuasi wengi ukumbini kuondolewa kwenye karatasi. Kikwete alihesabiwa akashindwa. Lowassa hakuhesabiwa. Aliyehesabiwa anarudi nyumbani na namba. Anajua alipungukiwa kura ngapi. Aliyekatwa anarudi na hadithi, na hadithi haina kikomo: ningeshinda, wote walikuwa wangu, nimeibiwa. Wapambe wake wanaibeba hadithi hiyo hadi kwenye tawi, na wewe mratibu unatumwa ukaizime kwa fulana na kofia.

Kwa hiyo msimamo wangu wa vuguvugu ni huu: umoja wa Oktoba unatengenezwa Julai. Ukitaka waliobaki wakae kimya baadaye, waache washindane kwanza, kura zihesabiwe, namba zitangazwe. Kamati iwachuje wenye kesi na wenye mapungufu ya wazi, na iseme mapungufu ni yapi. Zaidi ya hapo unajikopesha matatizo.

Lakini hoja yangu ina tundu, na nisipolionyesha mimi atalionyesha mwingine. Kikwete mwaka 1995 alikuwa na miaka 44. Lowassa mwaka 2015 alikuwa anakaribia 62, na mihula miwili ya mtu mwingine ingemfikisha karibu na 72. Inawezekana kabisa kwamba utaratibu hauhusiki, ni umri tu: kijana anasubiri, mtu mzima hana muda. Nimelizungusha hili mara nyingi na sina jibu safi. Tena Januari 2025 Chadema walihesabu kura za uenyekiti usiku kucha, Tundu Lissu 513, Freeman Mbowe 482, na Mbowe akakubali matokeo hadharani. Huwezi kudai utaratibu wa wazi kuliko ule. Miezi michache baadaye, chama kilipogawanyika juu ya kushiriki au kutoshiriki uchaguzi, wengi waliokuwa kambi ya Mbowe wakaondoka, na baadhi wakatokea Chaumma, chama kingine cha upinzani, akiwamo Salum Mwalimu aliyekwenda kugombea urais huko. Kwa hiyo kuhesabu kura si dawa ya kila ugonjwa. Inamtuliza mshindwa. Wapambe ni suala jingine.

Na wapambe ndio kampeni. Hili la kiufundi nilipitie haraka, wenye kazi mnalijua. Aliyekatwa akihama na watu wake, unajua nafasi zilizo wazi na unazijaza. Akibaki na kinyongo, nafasi zinaonekana zimejaa: mwenezi yupo, katibu wa tawi yupo, mawakala wameandikishwa na posho wamechukua. Siku ya kura wakala hafiki, au anafika na kusinzia. Hakuna aliyempinga mgombea hata kwa neno moja. Umoja ulikuwa asilimia mia.

Ipo na dalili nyingine: mafiga matatu. Tunawaomba watu wampe rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Kinyongo cha juu mara nyingi hakimgusi rais kabisa. Kinashukia kwa mbunge, kwa sababu mbunge ndiye aliyekuwa kambi nyingine na anajulikana anakoishi. "Rais nitampa, huyu wenu hapana." Ukiangalia kura za urais peke yake utadhani nyumba imetulia.

Jambo moja ambalo wachambuzi wa mijini husahau: kwetu Tanzania mgombea binafsi haruhusiwi. Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu dhidi ya zuio hilo mwaka 2013, zuio likabaki. Maana yake aliyekatwa ana njia mbili tu, kumeza au kuhama moja kwa moja, na mbunge anayehama anaacha kiti. Bei ya kutoka ni kubwa mno, na bei kubwa ikiwazuia watu tunawapongeza kwa mshikamano. Kenya mtu akikosa tiketi anahamia chama kingine, au tangu Katiba ya 2010 anasimama kama mgombea huru, na maisha yanaendelea. Ndiyo maana wenzetu wamejifunza kulipa mapema. Chama cha ODM mwaka 2007, Raila Odinga alipowashinda wenzake kwenye kura ya uteuzi wa urais Kasarani, hakuwaambia wanyamaze. Musalia Mudavadi akawa mgombea mwenza, na William Ruto, Najib Balala na Joseph Nyagah wakapewa viti kwenye timu ya vinara waliyoiita Pentagon, picha zao pamoja na yake. Mnaweza kuliita hilo kugawana vyeo. Mimi naliita kazi. Kalonzo Musyoka, aliyekuwa amejitenga kabla ya kura hiyo, alipata karibu asilimia 9 ya kura za urais, na hesabu za mwaka ule, kati ya Raila na Mwai Kibaki, mnazijua zilivyokaribiana.

Nimalizie na wale wanaotaka wanaohoji wafukuzwe. Usiku ule Dodoma, Julai 2015, wajumbe watatu wa Kamati Kuu walitoka mbele ya waandishi wa habari wakasema hawakubaliani na jinsi majina yalivyopitishwa: Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa. Hakuna msimamizi wa kampeni anayependa kuamka na habari kama hiyo, na mimi ningenuna. Ila angalia walichofanya: walisema, majina yao yakajulikana, na hawakumfuata Lowassa alipohama. Mwaka 2017 chama kikawashughulikia; Simba akavuliwa uanachama, kisha akarudishwa mwaka huo huo. Lowassa mwenyewe alirudi CCM Machi 2019. Na Nchimbi? Januari 2024 akawa Katibu Mkuu wa CCM. Januari 2025 akapitishwa kuwa mgombea mwenza wa urais.

Sasa nirudi kwenye lile kundi la makada, maana mtu ameniuliza waziwazi kama mgombea wetu nitampigia kura. Nitampigia, na nitamtafutia nyingine. Niliyompinga kwenye kikao ni yeye, na aliyenipa ratiba ya mikutano ya kata zangu ni yeye pia, kwa sababu anajua nilipo. Orodha ya mabalozi wa zile kata nne bado sijaletewa.