Kilomita 1,300 za Angani: Umbali ni Rahisi, Muda Ndio Kazi

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, na kila nikijitambulisha huulizwa: kutoka uwanja huu hadi ule ni saa ngapi? Umbali nakupa hapo hapo. Kuhusu saa, vuta subira.

Chukua Kigoma na Mtwara. Kigoma ipo latitudo 4.89 Kusini, longitudo 29.67 Mashariki, Mtwara ni 10.34 na 40.18. Digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, kwa hiyo kushuka kusini ni maili 327. Longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta, basi tofauti ya digrii 10.51 izidishe kwa 60, halafu kwa kosaini ya latitudo ya katikati, 0.991: unapata 625. Malizia kwa Pythagoras. Jibu ni maili 705, kama kilomita 1,306. Kwa masafa haya karibu na ikweta inatosha kabisa. Ukipanga safari ya Ulaya, tumia hesabu za duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. (Abiria wa kawaida atazungukia Dar es Salaam, na kilomita zitakaribia 1,480.)

Sasa hamia Atlantiki ya Kusini, kwenye visiwa vya Waingereza: St Helena, 15.96 Kusini na 5.65 Magharibi, na Ascension, 7.97 na 14.39. Hesabu ileile inatoa maili 702. Karibu sawasawa na Kigoma–Mtwara!

Ndege ya jeti aina ya Embraer 190 ikienda noti 440, yaani maili 440 za baharini kwa saa, maili hizo ni dakika 96. Ongeza robo saa hivi ya kupaa, kushuka na kujipanga kutua. Kisha upepo. Wengi hudhani unachopoteza ukienda utakipata ukirudi. Sivyo. Upepo wa noti 80 ukikukabili, mwendo juu ya ardhi unabaki 360, dakika 117. Ukikusukuma, 520, dakika 81. Jumla 198, wakati bila upepo ni 192. Unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya upepo mzuri, basi hautalipa deni lote.

Ila kinachozitenganisha kabisa safari hizi ni mafuta. Mtwara ikifunikwa na mawingu, rubani anageukia Songea au Dar es Salaam. St Helena ikikataa, uwanja wa karibu ni huohuo Ascension alikotoka. Kwa viwanja vya upweke namna hiyo, kanuni za kimataifa zinataka ndege za jeti zifike juu ya uwanja zikiwa bado na mafuta ya saa mbili. Uzito huo hubebwa badala ya abiria na mizigo. Ndiyo maana safari za Johannesburg kwenda St Helena zimezoea kutua kwanza Walvis Bay, Namibia: zinajaza matangi ukingoni mwa bara, ili zikishindwa kutua kisiwani ziweze kurudi.