Mapacha wawili, kirusi kimoja: dhana potofu kuhusu Zika na mimba

Baada ya mlipuko wa 2015 na 2016 wa Zika, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu, madaktari wa Brazil walikutana na mapacha waliowashangaza: mmoja kazaliwa na kichwa kidogo na ubongo ulioathirika, mwenzake mzima kabisa. Mama mmoja, mimba moja, kirusi kile kile. Mapacha hao wametufundisha mengi, na inasikitisha kwamba mafunzo yenyewe hayajafika kwa wanaoyahitaji.

"Mama ndiye mwenye kosa." Dhana hii ndiyo inayoumiza kuliko zote. Mtoto akizaliwa na kasoro, mama anaanza kuhojiwa: ulikula nini, ulikunywa dawa gani, ulimkosea nani? Wengine hutaja laana.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo walichukua seli za jozi tatu za mapacha wasiofanana, kila jozi ikiwa na mmoja aliyeathirika na mmoja mzima. Maabarani wakazigeuza kuwa seli changa zinazojenga ubongo, kisha wakaziambukiza Zika. Katika seli za watoto walioathirika kirusi kilizaliana zaidi, na seli zenyewe zikadumaa. Hata kabla ya kuambukizwa, baadhi ya jeni (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli) zinazoongoza ukuaji wa ubongo zilikuwa zikifanya kazi tofauti na za mapacha wenzao wazima. Matokeo hayo yalichapishwa 2018. Mapacha wale walilishwa na mama yule yule, katika tumbo lile lile. Kilichowatofautisha kilikuwa ndani ya seli zao wenyewe. Sasa mama analaumiwa kwa lipi?

"Kama ni jeni, basi ukoo huo una ugonjwa." Hapana. Watafiti hao hao walisoma jeni za watoto 18 walioathirika, wakazilinganisha na za mapacha 5 wazima na za watu wengine 609. Hawakupata jeni moja ya kubebeshwa lawama. Inaelekea ni jeni kadhaa kwa pamoja, au namna zinavyowashwa na kuzimwa mwilini. Kila mtoto hupata mchanganyiko wake kutoka kwa baba na mama, ndiyo maana hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Na bila kirusi kuingia, madhara hayo ya Zika yasingetokea. Kumwacha mke kwa sababu ya jambo hili ni dhuluma, nalisema wazi. Hakuna pia kipimo cha jeni cha kumwambia mjamzito kwamba mwanawe yuko salama, kwa hiyo kujikinga ni kwa wote.

"Mjamzito akiambukizwa, mtoto lazima aathirike." Marekani ilipofuatilia wajawazito walioambukizwa Zika, watoto waliokutwa na kasoro zinazohusishwa nayo walikuwa takriban 5 hadi 10 katika kila 100. Hatari ni kubwa zaidi miezi mitatu ya mwanzo. Lakini usiichukue hesabu hiyo ukaipeleka kwenye rubela, ugonjwa mwingine wa kirusi unaodhuru mimba: mama asiye na kinga akiipata ndani ya wiki 12 za mwanzo, watoto hadi 90 kati ya 100 wanaweza kuathirika macho, masikio au moyo. Rubela ina chanjo, na Tanzania huitoa pamoja na ya surua tangu 2014. Mwanamke huchanjwa kabla ya kushika mimba, si akiwa nayo. Zika haina chanjo wala dawa ya kuiponya.

"Sikuugua, basi sikuambukizwa." Takriban watu 4 kati ya 5 wenye Zika hawaoni dalili yoyote.

"Zika ni ya Brazil." Kirusi hiki kiligunduliwa 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda, kwenye damu ya tumbili aliyewekwa humo kwa utafiti wa homa ya manjano. Mbu anayekieneza mijini ni yule yule wa dengi iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam 2014 na 2019. Anauma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Vaa nguo za mikono mirefu, jipake dawa ya kufukuza mbu, funika madumu na ndoo za maji, mwaga yaliyotuama kwenye matairi. Zika hupita pia kwa kujamiiana. Mume aliyetoka kwenye mlipuko, mkewe akiwa mjamzito, atumie kondomu au ajizuie mpaka mama ajifungue.