Je, wajua mshindi anaweza kuwekwa chini ya mshindwa, na bado ikawa haki?

Nilipoanza kufuatilia futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, nilikuwa na jibu moja kwa kila ubishi wa nani awe juu ya nani: alimfunga? Basi akae juu yake, tukalale. Nilishangaa kuona watu wazima, wengine wasomi wa hisabati, wakitunga kanuni ndefu kwa jambo la mstari mmoja.

Msimu wa 2008 ndio ulionitoa huko. Tarehe 11 Oktoba, mjini Dallas, Texas iliichapa Oklahoma 45–35. Tarehe 1 Novemba Texas Tech ikaichapa Texas 39–33, Michael Crabtree akidaka pasi na kuvuka mstari ikiwa imebaki sekunde moja. Wiki tatu baadaye Oklahoma ikaisulubu Texas Tech 65–21. Ratiba ilipokwisha, kila moja ya timu hizo tatu ilikuwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja tu, kati ya hizo tatu.

Sasa chukua kanuni yangu uzipange. Texas juu ya Oklahoma, Oklahoma juu ya Texas Tech, Texas Tech juu ya Texas. Unazunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta. Yeyote utakayemweka juu, chini yake kuna mmoja mwenye haki ya kusema "lakini mimi nilimfunga". Mpangaji hapo hajahongwa wala si mwoga; swali lenyewe, lilivyoulizwa, halina jibu. Mashabiki wa Texas walikuwa na hoja moja, 45–35, na mimi nilikuwa upande wao kabisa, mpaka nilipong'amua kuwa mashabiki wa Texas Tech walikuwa na 39–33 yao.

Iliyosonga mbele ni Oklahoma, kwa sababu kanuni za kundi lao zilisema timu tatu zikilingana hivyo, atangulie aliye juu kwenye orodha ya taifa. Ikafika fainali ya taifa, ikafungwa na Florida 24–14.

Nilichokuwa nakosea hakikuwa kuuthamini ushindi wa ana kwa ana. Nilikuwa naugeuza hukumu, wakati ni ushahidi mmoja kati ya 12 au zaidi. Hata pale ambapo hakuna mduara, timu iliyomfunga jirani yake mwezi Septemba kisha ikapigwa na vibonde watatu haiwezi kudai kiti cha juu milele kwa ajili ya Jumamosi moja.

Ligi ya soka ya timu 16 haina balaa hili. Kila timu hukutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, mechi 30, jedwali linajisemea lenyewe. Daraja la juu la vyuo lilikuwa na timu 134 mwaka 2024, na kila moja hucheza mechi 12 tu za ratiba ya kawaida. Ili zote zikutane mara moja moja zingehitajika mechi 8,911. Kwa mwendo wao wa mechi moja kwa wiki, hizo ni wiki 133 bila likizo, na wachezaji wengi wangehitimu kabla ya raundi ya mwisho.

Ndiyo maana tangu 1936 shirika la habari la AP huwapigisha waandishi kura. Kuanzia 1998 hadi 2013 kura zilichanganywa na hesabu za kompyuta ili kupata wawili wa fainali, na tangu 2014 kamati ya watu 13 ndiyo huketi na kupanga, kwanza kwa ajili ya mtoano wa timu 4, na tangu 2024 wa timu 12.

Kinachonivutia mimi ni zile kompyuta, hasa ya Wes Colley, mtaalamu wa fizikia ya nyota. Kanuni yake inaanza kwa unyenyekevu: kabla ya mechi yoyote, kila timu ina alama 0.5, yaani hatujui kitu. Halafu chukua idadi ya ushindi, ongeza 1, chukua idadi ya mechi, ongeza 2, gawanya. Ukishinda mechi yako ya kwanza unapata 2/3, si asilimia mia. Umemfunga mtu mmoja tu, bwana, tulia.

Kisha inakuja sehemu ya ugumu wa wapinzani, na hapa ndipo wengi hukwama. Kujua uzito wa mpinzani wangu lazima nijue uzito wa wapinzani wake, nao wana wapinzani wao, ambao mmojawapo ni mimi. Kuku na yai. Lakini hesabu hii inakwisha.

Tuseme kuna timu nne. Mwembe kamfunga Mnazi, Mnazi kamfunga Mpera, Mbuyu naye kamfunga Mpera. Mahesabu ya kwanza: Mwembe na Mbuyu wana 0.67 kila mmoja, Mnazi 0.50, Mpera 0.25. Sasa rudia, safari hii ukimtazama mpinzani: kilichozidi nusu kwenye alama zake unakiongeza kwenye ushindi wako, kilichopungua unakitoa. Mbuyu kamfunga Mpera wa 0.25, kwa hiyo ushindi wake mmoja unahesabika kama 0.75, naye anashuka hadi 0.58. Mwembe anabaki 0.67. Lakini alama za wapinzani nazo zimesogea, basi rudia tena, na tena.

Fikiria mabeseni manne yaliyounganishwa kwa mipira ya maji. Ukimwaga kikombe kwenye moja, yote yanacheza: hili linapanda, lile linashuka, maji yanarudi kidogo, yanatulia. Hayachezi milele, kwa sababu kila sogezo linagawanywa kwa 3 au 4 kabla ya kumfikia jirani, kwa hiyo linalorudi ni dogo kuliko lililokwenda. Kwa timu zetu yanatulia hapa: Mwembe 0.66, Mbuyu 0.59, Mnazi 0.48, Mpera 0.27. Mwembe na Mbuyu wote wana ushindi mmoja na hawajawahi kukutana, ila sasa tunajua nani awe juu, na hatukuuliza jina la chuo wala ukubwa wa uwanja.

Je, hiyo ndiyo haki? Kwa sehemu. Colley hatazami tofauti ya pointi. Kwake 65–21 na 39–33 ni kitu kimoja. Pointi zina habari ndani yake, lakini ukizihesabu unawapa makocha sababu ya kuendelea kumtwanga mnyonge aliyekwisha kulala. Waandaaji waliogopa hilo, wakazifuta kwenye kompyuta zote kuanzia msimu wa 2002. Kura za binadamu nazo huanza kutoka kabla mpira haujachezwa. Mwaka 2004 waandishi walianza na USC ya kwanza, Oklahoma ya pili, Auburn ya 17. Zote tatu zilimaliza ratiba bila kufungwa, na fainali ikawa USC na Oklahoma. Baadhi ya wapinzani wa Auburn walikuwa dhaifu pia, kwa hiyo sidai namba 17 ndiyo iliyoiponza. Nasema tu ilianzia mbali.

Na mabeseni? Mwaka 2010, orodha ya mwisho ilipokwisha kutangazwa, mchambuzi wa michezo Jerry Palm alirudia hesabu za Colley na kukuta mechi moja haikuingizwa: Appalachian State dhidi ya Western Illinois, timu za daraja la chini. Ilipoingizwa, Boise State ilipanda hadi nafasi ya 10 na LSU ikashuka hadi ya 11, ingawa hakuna kati yao aliyecheza mechi hiyo. Kosa lilionekana kwa sababu Colley alikuwa ameianika kanuni yake yote hadharani. Wenye kompyuta nyingine hawakuwa wamefanya hivyo.