Je, Wajua? Kwa Nini Dikteta Mwenye Bunduki Bado Anahitaji Kudanganya

Katika riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 kuna kisa kidogo cha chokoleti. Serikali inatangaza kwamba mgawo wa chokoleti utashuka kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki. Kesho yake runinga ya ukutani inatangaza, kwa shangwe, kwamba wananchi wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, mtawala wa nchi hiyo, kwa kuupandisha mgawo hadi gramu 20. Winston Smith, mtumishi wa serikali, yuko kantini na sahani ya mchuzi usio na ladha. Anawatazama wenzake mmoja mmoja. Habari wameimeza pamoja na mchuzi, na hakuna anayeuliza zile 30 zilikwenda wapi. Anaanza kujiuliza kama ni yeye peke yake aliyebaki na kumbukumbu.

Mara ya kwanza nilipokisoma kisa hicho nilicheka. Baadaye likanijia swali ambalo halikuniachia. Serikali hii ina polisi, ina magereza, ina vyumba vya mateso. Ingeweza kusema tu kwamba chokoleti imepungua, na atakayelalamika atakiona cha mtema kuni. Ya nini kuhangaika kutunga uongo ambao hata mtoto wa darasa la pili angeushtukia?

Jibu ambalo riwaya za aina hii hulitoa, kila moja kwa njia yake, ni kwamba uongo ule haujali kama umeaminiwa. Kazi yake ni kupima. Ukiniambia mvua itanyesha nami nikakubali, huwezi kujua kama nimekubali kwa kukuogopa au kwa kuwa nimeyaona mawingu. Lakini ukiniambia 20 ni nyingi kuliko 30, nami nikapiga makofi, umeshanijua nilivyo. Kadiri uongo unavyokuwa wa kijinga, ndivyo mtihani unavyokuwa mkali. Tena aliyepiga makofi leo amejifunga mwenyewe, maana kesho akitaka kusema kweli itambidi kwanza aeleze jana alikuwa anashangilia nini.

Hizi ndizo riwaya ambazo wahakiki huziita za distopia, zinazochora nchi ya kubuni iliyoharibika kabisa, ambako dola imeingia mpaka chumbani na inataka kuingia mpaka kichwani. Waandishi wake wengi hawakuyatoa mambo hayo hewani. Mwaka 1937 Orwell alikuwa Hispania akipigana dhidi ya majeshi ya Franco, jenerali aliyeiasi serikali. Alipigwa risasi ya shingo akapona, kisha chama ambacho alipigana chini ya wanamgambo wake kikapigwa marufuku na wale wale waliokuwa upande mmoja naye, ikambidi akimbie na mkewe. Baadaye aliandika kwamba huko ndiko alikoona magazeti yakisimulia vita vikubwa mahali ambapo hapakuwa na mapigano, na kunyamaza kimya mahali walipokufa mamia. Miaka ya 1941 hadi 1943 alifanya kazi BBC, akitayarisha matangazo ya kwenda India wakati wa vita, huku mkewe Eileen akiwa amewahi kuajiriwa kwenye idara ya udhibiti wa habari. Wizara ya Ukweli ya Winston, ambako magazeti ya zamani husahihishwa ili yalingane na maneno ya leo, aliijenga mtu aliyezijua ofisi za namna hiyo kutoka ndani.

Sasa tuigeukie hofu, maana bila hofu mtihani wa chokoleti haufanyi kazi.

Watu hudhani hofu ya tawala hizi ni kipigo. Kipigo kipo, lakini huja mwishoni kabisa. Kinachofanya kazi usiku na mchana ni kutojua. Runinga ya nyumbani kwa Winston inaonyesha na pia inaona, na hakuna namna ya kujua ni saa ngapi kuna jicho upande wa pili. Pengine hakuna mtu. Lakini kwa kuwa hajui, anakaa kila dakika kana kwamba yupo, anaupanga hata uso wake. Dola imeokoa mishahara ya askari wengi kwa kumfanya raia ajilinde mwenyewe. Mrusi Yevgeny Zamyatin alikuwa ameshaifikia picha hii katika riwaya yake Sisi, aliyoiandika mwaka 1920 na 1921. Humo watu huitwa kwa namba na huishi katika nyumba za vioo, na mapazia hushushwa kwa kibali tu, kwa saa zilizopangwa. Ilichapwa kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924. Kwao haikuchapwa mpaka 1988, na hilo pekee ni uhakiki tosha.

Sisi tunasema kuta zina masikio. Orwell anakwenda mbele zaidi: masikio yenyewe ni ya mwanao. Jirani wa Winston, bwana mmoja mnene aitwaye Parsons, ni mtiifu hadi anakera. Siku moja tunamkuta mahabusu. Kosa lake ni kutamka usingizini, "Kaka Mkubwa aangushwe." Aliyemsikia kwenye tundu la ufunguo na kumpeleka polisi ni binti yake wa miaka saba. Na Parsons anajivunia! Anasema binti amelelewa vizuri. Nimesoma maelezo ya mateso katika riwaya nyingi, lakini hakuna lililonitia baridi kama fahari ya baba huyu. Humo ndani ya kichwa chake hofu na uongo vimeshayeyuka vikawa kitu kimoja, na huwezi tena kusema hapa anaogopa, hapa anaamini.

Msomaji wa Kiswahili ana mlango mwingine wa kuingilia humu, tena wa zamani. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu kingine cha Orwell, kilichotoka Uingereza mwaka 1945. Wanyama wanampindua mwenye shamba, wanaandika amri saba ukutani, na nguruwe wanashika uongozi. Mkuu wao ni nguruwe aitwaye Napoleon. Msemaji wao ni Squealer, mpambe wake, ambaye siku hizi tungemwita chawa bila kusita. Kuna mahali anaeleza kwamba mradi wa kinu cha upepo, ambao Napoleon aliupinga mbele ya wote, ulikuwa wazo la Napoleon tangu mwanzo. Wanyama hawaelewi vizuri. Lakini Squealer anaongea kwa ushawishi, na mbwa watatu alioandamana nao wananguruma vibaya, basi wanakubali bila maswali zaidi. Sijaona mahali pengine ambapo jambo zima limewekwa kwa ufupi namna hiyo. Hotuba na mbwa vimekuja pamoja. Hotuba peke yake ingejibiwa; mbwa peke yao wangezua uasi. Vikiwa pamoja, mnyama anapata kisingizio cha kujificha nyuma yake: anajiambia kwamba ameelewa, asije akakiri kwamba ameogopa.

Kisha amri za ukutani zinaanza kunenepa. Marufuku kulala kitandani inakuwa marufuku kulala kitandani kwenye shuka. Marufuku kunywa pombe inaongezewa "kupita kiasi". Marufuku kumuua mnyama mwenzako inapata mkia wa "bila sababu". Kila wanaposoma nyongeza, wanyama wanaona labda wao ndio waliosahau. Usiku mmoja kishindo kinasikika, wanakuta ngazi imevunjika chini ya ukuta, na Squealer kalala hapo kazirai, pembeni yake taa, brashi na kopo la rangi nyeupe lililomwagika. Ushahidi gani zaidi ya huo? Punda Benjamin peke yake ndiye anayeelewa, anatikisa kichwa, na hasemi neno. Walimu wengi huwauliza wanafunzi kuhusu Napoleon na Squealer. Mimi ningeuliza kuhusu punda. Mbwa walifundishwa kung'ata tangu utotoni. Yeye alijua kusoma.

Usidhani ubao wa amri ni utani wa mwandishi. Mwaka 1953, miaka minane baada ya kitabu hicho kutoka, Lavrenti Beria, aliyekuwa mkuu wa vyombo vya usalama vya Stalin, alikamatwa na kuuawa. Wanunuzi wa Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti wakatumiwa kurasa mpya pamoja na maelekezo ya kuukata ukurasa wa Beria na kubandika badala yake kurasa zenye maelezo marefu ya Bahari ya Bering. Mkasi ulikuwa wako na gundi yako, na uliifanya kazi hiyo mezani kwako. Kumbukumbu ya Beria ilibaki kichwani mwa kila aliyeshika mkasi, na hakuna aliyehitaji kuaminishwa kwamba hakuwahi kuwapo. Alitakiwa kukata tu.

Kuna hadaa moja zaidi, na kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu aliyechoka na uongo hutafuta wenzake. Winston anapata chumba cha kupanga juu ya duka la mzee mpole, anampata mpenzi, Julia, kisha anapewa kitabu cha siri cha wapinzani. Kumbe mzee ni Polisi wa Fikra, nyuma ya picha ya ukutani kuna runinga, na O'Brien, mtu aliyemwingiza katika upinzani, ndiye anayekuja kumtesa, na anamwambia kwamba kitabu chenyewe alishiriki kukiandika. Dola imewatengenezea raia mpaka tumaini lao. Hili nalo lilikuwa na mfano duniani: katika miaka ya 1920 polisi wa siri wa Kisovieti waliunda chama bandia cha wapinzani, kikijulikana kama Trest, yaani Trasti, wakakitumia kuwavuta maadui wao waliokuwa nje. Jasusi wa Uingereza Sidney Reilly alinaswa kwa njia hiyo mwaka 1925. Baada ya mtego wa namna hii hata rafiki wa kweli hafai, maana huwezi kumtofautisha na O'Brien.

Si kila dola ya kubuni hutegemea mbwa, niseme haraka. Katika Brave New World ya Aldous Huxley, ya mwaka 1932, raia hupewa vidonge vya dawa ya kuburudisha iitwayo "soma" na starehe zisizoisha, na vitisho karibu havihitajiki. Lakini huo ni ulaghai wa aina nyingine.

Nyumbani Afrika Mashariki jambo hili limeandikwa pia, na kilichofuata kinashinda riwaya. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha Matigari kwa Kigĩkũyũ. Mpigania uhuru anatoka msituni, anaifukia bunduki yake, anazunguka nchi isiyotajwa jina akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Redio ya serikali humo hujiita Sauti ya Ukweli, na yuko msomi ambaye taaluma yake ni ukasuku. Ngũgĩ hakuchagua ndege huyo ovyo: kasuku haamini wala hakanushi, yeye hurudia tu.

Ngũgĩ mwenyewe alisimulia yaliyotokea baadaye. Kufikia Januari 1987 wanausalama wa Kenya walikuwa wakiripoti kwamba wanakijiji wananong'ona kuhusu mtu mmoja aitwaye Matigari, anayezunguka nchi akidai ukweli na haki. Amri ikatolewa akamatwe. Polisi wakamtafuta, mpaka walipogundua kwamba mtuhumiwa ni mhusika wa kitabu. Februari mwaka huo wakapita kwenye maduka ya vitabu, wakakamata nakala zilizokuwa rafuni.